Tumbo Linalohesabu

Watu wakishajua una tumbo la matatizo, swali lao la kwanza ni lile lile: "Sasa wewe huwa huli nini?" Wanataka orodha. Wanataka nitaje maharage, maziwa na pilipili, wavikwepe siku ya kunialika, mambo yaishe. Miaka yote hii nimeshindwa kuwapa orodha hiyo, na si kwamba naificha. Haipo. Maharage nakula. Chapati nakula. Maziwa nakunywa, inategemea ni yapi na kiasi gani. Kisamvu cha nazi nilichokula jana mchana kikapita salama, wiki ijayo kinaweza kunilaza kifudifudi na mto nimeubana tumboni, na mpishi ni yule yule, sufuria ni ile ile.

Kwetu mtu anayekula kitu leo na kukikataa kesho hubandikwa moja kati ya mawili: ana madeko au ana maringo. Wifi yangu mmoja, ambaye nampenda sana, aliniambia waziwazi kwenye shughuli ya familia: "Wifi, tumbo lako linachagua nyumba." Wote tukacheka, na mimi nikacheka. Lakini maneno yale nilirudi nayo nyumbani, maana kwa jinsi mambo yanavyoonekana kwa nje alikuwa na haki ya kusema hivyo.

Dalili zenyewe si za ajabu, na nadhani wengi wanaosoma hapa wanazijua. Tumbo linaanza kuunguruma, gesi inajaa, sketi iliyokuwa inanitosha asubuhi haifungi jioni. Kisha msokoto chini ya kitovu, ule unaokufanya uinuke katikati ya kikao bila kuaga. Siku nyingine naharisha, siku zinazofuata choo kigumu, kisha kunatulia kama vile hakukuwa na kitu. Nilianza kuliona hili nikiwa kidato cha sita. Leo nina watoto wawili na bado sina cheti chochote cha hospitali kinachosema ninaumwa nini.

Si kwamba sijapimwa. Ukiingia maabara yoyote ya mtaani Dar es Salaam ukasema neno tumbo, safari imeshaanza. Kituo cha kwanza ni taifodi. Kipimo kinachotumika sana ni Widal, ambacho kipo tangu mwaka 1896, na hakimtafuti mdudu mwenyewe bali kingamwili zilizotengenezwa dhidi yake. Kwa hiyo aliyeugua zamani, aliyechanjwa, hata mwenye maambukizi mengine kabisa anaweza kuonekana ana taifodi leo. Mimi nimetibiwa taifodi mara nyingi kuliko nilivyotibiwa mafua, na mara zote hizo sikuwa na homa.

Taifodi ikishindikana, inakuja amiba. Unapewa kikopo, unajua mwenyewe aibu ya kurudi nacho dirishani kimefungwa kwenye mfuko mweusi huku foleni nzima inajua ulichobeba. Unarudi nyumbani na metronidazo, zile zinazokuachia ladha ya chuma mdomoni hadi maji hayanyweki. Cha kuchekesha ni kwamba nilikuwa napata nafuu ya siku kadhaa. Baadaye nilielewa kwamba dawa ile inaua pia baadhi ya bakteria wanaoishi ndani ya utumbo, na hao ndio wanaotengeneza gesi. Wakipungua, gesi inapungua. Wakirudi, nayo inarudi.

Kisha vidonda vya tumbo. Hapa sitadharau, kwa sababu vidonda vipo na vinaua. Mwaka 1984 daktari mmoja wa Australia, Barry Marshall, alikunywa mwenyewe maji yenye bakteria wa Helicobacter pylori ili kuonyesha kwamba tumbo linaweza kuugua kwa sababu ya mdudu, siyo mawazo na pilipili peke yake. Yeye na mwenzake Robin Warren walipata Tuzo ya Nobeli mwaka 2005. Huku Afrika sehemu kubwa ya watu wazima wana bakteria huyo na wengi wao hawasikii chochote. Kwa hiyo kukutwa naye ni jambo moja, na yeye kuwa ndiye anayekusumbua ni jambo jingine. Mimi nilikutwa naye. Nikanywa dozi ya mchanganyiko kwa siku 14, nikapimwa tena kwa choo, hayupo. Kiungulia kilipungua kweli, namshukuru Mungu. Gesi na msokoto havikuguswa.

Nilipitishwa mpira wenye kamera kooni hadi tumboni, ukuta wa tumbo ukaonekana safi. Nimekunywa mwarobaini, habasoda, maji ya tangawizi, na kombe la maandishi ya Kurani aliloniandalia shangazi. Nilikaa hata mbele ya kijana mmoja mwenye mashine ya kushika kijiti cha chuma kiganjani, ambayo kwa dakika chache ilitoa kurasa za majibu ya figo, ini, kongosho na "sumu za mwilini", na mwishoni akanitajia bei ya virutubisho vya kumaliza yote hayo. Kijiti cha chuma hakiwezi kusoma kongosho. Vivyo hivyo vile vipimo vya damu vinavyouzwa kwa bei kali, vinavyokupa vyakula vyako katika rangi nyekundu na kijani: vyama vya madaktari wa aleji vimeshasema visitumike kutambua chakula kinachokukataa, kwa sababu kingamwili vinazozipima ni za kawaida kwa mtu yeyote anayekila chakula hicho.

Wahudumu niliokutana nao wengi walikuwa wanafanya walichofundishwa na walichokuwa na vifaa vya kukifanya. Huduma yetu imejengwa kumtafuta mdudu, na katika nchi yenye kipindupindu na minyoo ni sawa ianze hapo. Ila ukishatafutiwa mdudu akakosekana, unaambiwa "punguza mawazo," unafungiwa faili. Daktari mmoja tu, mama wa makamo, alinigeuzia swali. Hakuniuliza ninakula nini. Aliuliza: "Huwa unakula kiasi gani, na siku hiyo ulikuwa umekula nini kingine?" Nikakosa jibu, na kutokea hapo nikaanza kulielewa tumbo langu.

Aleji ya chakula ni kazi ya kinga ya mwili. Mwenye aleji ya karanga anaweza kufa kwa chembe iliyobaki kwenye mwiko. Huyo ana haki ya orodha, na orodha yake iheshimiwe. Tumbo la aina yangu ni habari nyingine. Kuna sukari na wanga wa aina fulani ambao utumbo mwembamba hauuvunji vizuri au hauuvunji kabisa. Unateremka mzima hadi utumbo mpana, unavuta maji njiani, na ukifika bakteria wanauchachusha na kutoa haidrojeni, kabonidayoksaidi, na kwa watu wengine methani. Hilo linatokea kwa kila mtu. Hakuna binadamu mwenye kimeng'enya cha kuvunja zile sukari za kwenye maharage, zinazoitwa rafinosi na stakiosi. Tofauti ni kwamba matumbo mengine gesi hiyo yanaipitisha kimya kimya, na mengine yanaihisi kila sentimita.

Na yote yanajumlishwa. Laktosi, ile sukari ya maziwa, ya kwenye chai, fruktani, ambazo ni aina ya wanga, za kwenye chapati na kitunguu, sukari za maharage, zote zinaishia mahali pamoja. Tumbo langu ni daladala: kondakta hamchukii abiria wa mwisho, gari limejaa tu. Asubuhi chai ya maziwa, saa nne maandazi mawili, mchana wali maharage kwa mama ntilie, halafu saa kumi mwenzangu ofisini ananipa kipande cha tikiti, nikishalila navimba. Nitalilaumu tikiti. Mwenzangu atashangaa, kwa sababu Jumamosi iliyopita alininunulia tikiti nusu nzima nikalimaliza na sikuumwa.

Ukiongeza na muda, ndiyo unachanganyikiwa kabisa. Maziwa hunisumbua ndani ya saa moja au mbili. Maharage yanaweza kungoja hadi usiku. Kwa hiyo chakula kinachoshikwa ugoni si lazima kiwe ndicho kilichoiba.

Kuhusu maziwa nina mengi ya kusema, kwa sababu nimezaliwa Pangani na nimeolewa Kondoa. Pwani tumekua na chai ya rangi na nazi. Maziwa yalikuwa ya mtoto au mgonjwa. Kondoa ni nchi ya mtama, uwele na ng'ombe, na mgeni anapokelewa kwa maziwa. Mara ya kwanza kupelekwa ukweni niliwekewa kikombe kikubwa cha bati cha maziwa ya moto, utando juu, na mama mkwe amekaa mbele yangu anasubiri nianze. "Kunywa mwanangu, umetoka mbali." Nilikunywa nusu. Usiku ule nilijua njia ya chooni kuliko wenyeji.

Takriban theluthi mbili ya watu wazima duniani uwezo wao wa kumeng'enya laktosi hupungua baada ya utoto, kwa hiyo mimi ndiye wa kawaida, mume wangu ndiye wa pekee. Mwaka 2007 watafiti wakiongozwa na Sarah Tishkoff walichapisha utafiti wa watu 470 kutoka makabila 43 ya Tanzania, Kenya na Sudan. Walikuta kwamba wafugaji wa huku kwetu wana mabadiliko yao wenyewe ya kijenetiki yanayowawezesha kunywa maziwa ukubwani, tofauti na yale ya Wazungu, na kwamba yalienea katika miaka elfu chache tu iliyopita, ufugaji ulipoingia. Nilipomsomea mume wangu habari hii akanijibu, "Kwa hiyo mnatuonea wivu tangu zamani."

Basi nyumba niliyoiogopa kuliko zote ndiyo ninayokula vizuri kuliko zote. Kule chakula cha jioni ni ugali wa mtama au uwele, mlenda, na maziwa mgando. Mtama na uwele havina zile fruktani za ngano. Mlenda wao hauna habari ya kuungwa kwa vitunguu vitatu. Mgando umeshachachuka, yaani bakteria wameshakula sehemu ya laktosi kabla yangu, na waliobaki wanaendelea kunisaidia tumboni. Nakunywa kikombe cha mgando, nalala usingizi. Mama mkwe sikumweleza habari za vimeng'enya. Nilimwambia, "Mama, maziwa freshi yananishinda, mgando wako nauweza." Akaridhika, tena akajisifu kwa majirani kwamba mkwe wa pwani ameukubali mgando wake. Nadhani ingekuwa vingine kama ningesema tu sinywi maziwa.

Na hata hayo freshi si haramu. Glasi ya mililita 250 ina laktosi ya gramu 12 hivi, na wengi wenye shida hii hustahimili kiasi hicho wakikinywa pamoja na chakula. Mimi nusu yake ndiyo mwisho wangu, katika chai, na chai yenyewe isiambatane na chapati.

Chapati, kwa kweli, ndiyo iliyoniuma kuiacha kwa muda. Kuna kipindi nilijiaminisha kwamba nina shida ya gluteni, ile protini ya ngano, kama ilivyokuwa mtindo. Ugonjwa wa siliaki, ambapo gluteni inaifanya kinga ya mwili ishambulie utumbo, upo na ni mzito, na anayedhani anao apimwe damu kabla hajaacha ngano, kwa sababu ukishaiacha kipimo kinaweza kudanganya. Kwangu kilitoka hasi. Kumbe watu wa Chuo Kikuu cha Monash, Melbourne, ambao tangu mwaka 2005 wanachunguza sukari hizi zinazochachuka, walishaona kwamba wengi wanaojiona wanakataliwa na gluteni, wakipunguziwa hizo sukari, gluteni yenyewe haiwafanyi kitu. Ngano ina fruktani. Na fruktani hizo hizo zimejaa kwenye kitunguu maji na kitunguu saumu, ambavyo katika jiko la Kiswahili havihesabiwi kuwa chakula. Mtu atakuapia kwamba hajakuwekea kitu cha kukudhuru, na kwenye rosti kuna vitunguu sita.

Hapa jiko linaruhusu ujanja. Fruktani zinayeyuka kwenye maji, haziyeyuki kwenye mafuta. Kwa hiyo nakaanga vipande vikubwa vya kitunguu na punje za saumu kwenye mafuta hadi harufu itoke, navitoa vyote, ndipo naunga. Nyumbani hakuna anayejua tofauti. Kwenye kachumbari natumia majani mabichi ya kitunguu, ile sehemu ya kijani peke yake. Maharage nayaloweka usiku kucha, maji nayamwaga, nayachemsha kidogo, namwaga tena, ndipo yanaendelea na maji mapya. Mama yangu Pangani amefanya hivyo na mbaazi maisha yake yote. Mimi hapa Dar, kwa haraka za mjini na gesi ya mtungi, ndiye niliyekuwa nayatupia jikoni makavu na maji yake.

Pengine unataka kujua niliyajuaje haya bila kipimo. Kipimo kipo. Unakunywa laktosi, kisha unapuliza kwenye mashine kila baada ya muda, maana haidrojeni ya tumboni huingia kwenye damu na kutokea mapafuni. Sijawahi kukifanya, hospitali ninayomudu hawanacho. Nilichonacho ni daftari la shule, lile la kurasa 96, lenye mafuta ya taa kwenye jalada. Ukurasa mmoja unasomeka hivi:

Jumanne. Asubuhi: chai ya rangi, viazi vitamu viwili. Saa saba: wali, samaki wa kukaanga, mchicha (kitunguu kidogo). Saa kumi na moja: gesi kidogo. Usiku: ugali, dagaa. Poa.

Jumatano. Asubuhi: chai ya maziwa kikombe, chapati mbili. Saa tano: msokoto, choo mara mbili. Saa saba: sikula. Usiku: makande kwa jirani, sahani ndogo. Saa tisa usiku: mbaya.

Hapo chini nimeandika pia siku zangu za mwezi, usingizi, na kama bosi alikuwa amechafukwa. Mawazo yanaingia, sikatai. Utumbo na ubongo vinazungumza kwa mishipa ya fahamu, na siku ya ukaguzi wa hesabu ofisini hata uji mtupu unaniunguruma. Ninachokataa ni kuambiwa mawazo ndiyo jibu lote, na mgonjwa anayeambiwa hivyo mara nyingi ni mwanamke.

Mpango wa wale wa Monash unaenda kwa hatua: unapunguza vyakula vyote vya kundi hilo kwa wiki 2 hadi 6, kisha unarudisha kimoja kimoja, kidogo, unaongeza, unaangalia, na mwisho unabaki na vipimo vyako mwenyewe. Wengi hukwama hatua ya kwanza wakadhani ndiyo dawa, wakaishi maisha yote kwa wali na kuku wa kuchemsha. Hiyo ni njaa ya kujitakia, na hata bakteria wazuri wa tumboni wanadhoofu kwa kukosa chakula chao. Shabaha ni kurudisha vyakula vingi iwezekanavyo.

Sasa yaweke haya yote mbele ya sinia. Sinia la pilau halina kipimo. Watu watano mnakula pamoja, mkono wako unaonekana, na ukiacha mapema unaulizwa kama umefunga. Nimejifunza kuchota polepole, kuzungumza sana, na kuwasogezea wengine nyama. Biriani siku hizi naomba wali wake na mchuzi juu kidogo, nikisingizia kiungulia, kwa sababu kiungulia kila mtu anakiheshimu. Hiki nacho ni kichekesho cha tumbo: ugonjwa unaosamehewa ni ule ambao mwenyeji amewahi kuugua.

Mwezi wa Ramadhani mchana ni raha yangu. Tumbo limepumzika, naenda kazini mwepesi. Shida ni jua likishazama. Futari ya nyumbani kwetu ni tende, uji, mihogo ya nazi, kunde, tambi za sukari, kalmati, na vyote vinaliwa ndani ya nusu saa. Kisha unasimama tarawehe. Mwenye tumbo la gesi anaijua hofu ile ya kurukuu na kusujudu katikati ya safu, na udhu unategemea uvumilivu wa utumbo. Kwa kipindi kirefu niliswali nyumbani kwa sababu hiyo tu. Niliyemuuliza mwishowe ni ustadhi wa madrasa, kupitia mke wake. Jibu likawa lile la hadithi inayojulikana: mwenye shaka asitoke kwenye sala mpaka asikie sauti au apate harufu. Tena yule ambaye udhuru wake haumwachi kabisa ana hukumu yake, anatia udhu kwa kila sala wakati ukiingia, anaswali. Nililia siku ile. Katika safari yote ya tumbo hili, sheria ya ushuzi ndiyo iliyonipokea kwa upole kuliko vituo vya afya. Sasa nafuturu kwa tende moja, uji na samaki, kunde na kalmati nazisubirisha hadi baada ya sala, na sijamwambia mtu kwa nini.

Safari ndefu zina sheria zake. Basi la Dodoma linaondoka alfajiri, na mimi naacha kula tangu jioni ya jana. Konda akitangaza "dakika kumi, kuchimba dawa," wenzangu wanashuka kujinyoosha, mimi naangalia kichaka kilipo na umbali wake na nani amesimama upande gani. Kwa mwanamke kuchimba dawa na msokoto ni mtihani ambao sitaueleza zaidi. Ndiyo maana reli ya SGR ilipoanza kubeba abiria hadi Dodoma mwaka 2024, wengine wakashangilia mwendo kasi wa treni, na mimi nikashangilia choo. Choo ndani ya behewa, chenye mlango unaofungwa! Nalipa nauli ile bila kinyongo.

Na kuna la kuvimba. Tumbo langu likijaa linajaa kikweli. Nimeshapishwa kiti kwenye basi la mwendokasi na kijana mwenye adabu. Nimeshapongezwa sokoni. Mwenzangu kazini alinifuata pembeni na tabasamu akaniuliza ni miezi mingapi, wakati ule mimi na mume wangu tulikuwa tunatafuta mtoto wa pili na hatumpati. Nikamwambia ni maharage. Hakunielewa, akadhani nimekasirika. Kwa kijana wa kiti nilikaa tu. Kukataa kungehitaji maelezo marefu kuliko safari ya Kimara hadi Kivukoni.

Neno moja kwa anayesoma akijitafuta humu. Daftari ni la mtu ambaye ameshaangaliwa. Kama unapungua uzito bila kujinyima, kama choo kina damu au kimekuwa cheusi tii, kama maumivu yanakuamsha usingizini, kama una homa, unatapika mfululizo au damu imepungua, kama tumbo limebadilika ghafla ukiwa umevuka miaka 50 au kwenu kuna aliyeugua saratani ya utumbo, achana na vitunguu vyangu, nenda hospitali na usikubali kufungiwa faili.

Mimi kwa sasa nimebakiza embe. Embe lina fruktosi, sukari ya matunda, nyingi, na miaka mitatu iliyopita dodo mbili za mfululizo zilinikosesha harusi ya binamu yangu. Msimu uliopita niliishia kwenye vipande vidogo, nikaandika poa. Msimu huu nitakwenda Pangani nijaribu nusu, asubuhi, siku ambayo sina safari na usiku wake sijala ngano. Ikipita, kesho yake zima. Mama nimeshampigia. Ameniambia maembe hayatapungua, kule yanaokotwa. Nimemwomba jambo moja tu, aniwekee yale madogo.